Kahawa Isiyo na Dele

Kaseti haikuwa na jalada. Ilikuwa ya dakika 90, imerekodiwa nyumbani, na ubavuni mwalimu wetu wa hisabati alikuwa ameandika kwa kalamu ya zambarau majina mawili tu: upande wa kwanza Tracy Chapman, upande wa pili Cris Williamson. Ilikuwa mwaka 1992, niko kidato cha tatu, Tanga, na mwalimu yule wa kujitolea alikuwa akifunga mizigo kurudi kwao Marekani. Mwenzangu mmoja alipewa baiskeli. Mwingine akapata kikokotoo. Mimi nikapewa kaseti, nikanuna siku nzima.

Nilipomuuliza hawa ni akina nani, akasema ni waimbaji wa nyumba za kahawa. Kwao Chicago, alisema, alikuwa na nyumba yake ya kahawa anayokwenda Jumamosi usiku: watu wanakaa kwenye viti vya kukunja vya kanisa, anasimama mwanamke na gitaa lake, anaimba, kahawa inanywewa, watoto wanasinzia mapajani mwa mama zao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini neno "kahawa" alilitamka kama mtoto wa Ngamiani, na hilo ndilo lililoniponza. Miaka 31 nilitembea na picha ya Chicago yenye dele.

Maana mtu aliyekulia Ngamiani ana picha moja tu ya kahawa. Baada ya Alasiri unasikia vikombe vinagongana, ka-cha, ka-cha, na hapana haja ya muuzaji kuita. Anakuja na dele lake la shaba juu ya kijijiko cha mkaa, mkono wa pili ameshika vile vikombe vidogo visivyo na kishikio, na ndoo ya maji ya kusuuzia. Kahawa chungu, tangawizi inakata koo, kashata ya nazi pembeni. Wazee wako barazani, bao linachezwa, ugomvi wa Coastal Union na African Sports umefika pale ulipofikia jana, na mtu anakunywa vikombe vitatu kabla hajakumbuka kwamba alitumwa sukari. Basi Tracy Chapman nilimkalisha hapo. Nilimpa nafasi kati ya mzee wa cherehani na babu yangu, gitaa magotini.

Jambo moja tu lilikataa kuingia kwenye picha. Barazani kwetu mwanamke haimbi. Hata hakai.

Niliisikiliza kaseti ile mpaka utepe ukaanza kutafunwa na redio. Nikawa nautoa kwa subira, naurudisha kwa kuzungusha kalamu ya Bic kwenye tundu. Upande wa Chapman niliuelewa haraka. Sauti ile nzito ya mtu asiye na haraka ilinifundisha Kiingereza kuliko kitabu chochote. Upande wa Williamson ulikuwa mgeni zaidi: piano, maji, milima, sauti za wanawake wengi zinaingia nyuma kama kwaya isiyo na Jumapili. Kulikuwa na mapenzi ndani yake, hilo lilisikika. Sikujua anaambiwa nani.

*

Novemba 2023 mdogo wangu wa kike, aliyekuwa muuguzi Chicago kwa mwaka wa kumi na moja, alinitumia tiketi. Dar, Doha, Chicago. Sikuwahi kupanda ndege ya kwenda mbali kuliko Mwanza. Ya uwanjani na ya angani nayaruka, kwa kuwa kila aliyesafiri ameshayasimulia. Nitasema tu kwamba baridi ya Chicago haikuingii kupitia ngozi kama ya Lushoto, inaanza na meno. Dada alinipokea na koti la mume wake.

"Kaka, unataka kuona nini? Ziwa? Majengo marefu?"

"Nyumba ya kahawa."

Akacheka. "Ziko mia. Shuka tu chini."

Nikashuka. Asubuhi ya kwanza, saa moja kasoro, nimekaa kwenye mkahawa wa kona, madirisha makubwa, mbao, taa za manjano. Ukutani wameandika kahawa zao na zinakotoka, na katikati, kwa chaki nyeupe: Tanzania. Ilikuwa ile ya punje za duara, zinazoota moja moja ndani ya tunda badala ya pacha, na ambazo Wamarekani wanazipenda hasa zikitoka kwetu. Moyo ulinipanda. Nikatoa dola tano na senti zake, nikapewa bakuli. Sitanii, kikombe chake kingetosha kuogeshea kifaranga. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri, chachu kidogo kama ukwaju, lakini ukinywa bakuli zima mwenyewe, huulizwi hujambo, hujibu, unachofanya ni kazi, si kunywa kahawa.

Walikuwepo watu kumi na tisa. Niliwahesabu kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Kila mmoja na laptopu yake, kila mmoja na hedifoni masikioni. Hakuna aliyesema na mwenzake. Mlango ukifunguka hakuna anayeinua macho. Nikamwamkia kijana wa meza ya jirani, akavua sikio moja kwa adabu, akauliza kama nahitaji soketi ya umeme.

Halafu nikaisikia. Kutoka spika za darini, chini sana, kama mtu anayeimba chumba cha pili: gitaa lile, mwendo ule wa mduara, wimbo ule wa gari la kasi. Sauti ilikuwa ya mwanaume. Nikaenda kaunta kumuuliza binti aliyekuwa anasafisha mashine. Akasema ni Luke Combs, wimbo wa country, kila mtu anaujua. Nikamwambia wimbo huo ni wa Tracy Chapman wa mwaka 1988. Akasema, kweli, aliona: juzi tu umepewa tuzo.

Na kweli wiki ileile, Novemba 8, tuzo za muziki wa country zilikuwa zimemtaja Chapman mtunzi wa wimbo wa mwaka, mtunzi wa kwanza mweusi kupewa tuzo hiyo, kwa wimbo wenye miaka 35. Wanaokumbuka enzi ile wanakumbuka pia dunia ilivyomjua: Juni 11, 1988, uwanja wa Wembley, London, tamasha la kutimiza miaka 70 kwa Mandela akiwa bado gerezani. Diski yenye muziki wa Stevie Wonder ilipotea, jukwaa likabaki wazi, akarudishwa yule binti aliyekwishaimba mapema mchana. Peke yake na gitaa mbele ya uwanja mzima. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi Tufts, akiimba njiani Harvard Square, watu wakitupa sarafu kwenye kasha la gitaa. Mambo yake ya ndani hajapenda yaanikwe, nami siyaaniki. Lakini wanawake wa nyumba za kahawa walimsikia kwa masikio yao, na mwalimu wangu hakumweka kwenye kaseti moja na Williamson kwa bahati mbaya. Hilo nililielewa kwa mara ya kwanza nimesimama pale kaunta, nikiwa na umri wa miaka 47.

*

Nyumba ya kahawa ya mwalimu niliitafuta kwenye duka la vitabu. Basi namba 22 linapanda Clark Street mpaka mtaa wa Andersonville, uliojengwa na Waswidi, na hapo namba 5233 kuna duka liitwalo Women & Children First, lililoanzishwa mwaka 1979 na wanawake wawili na kuhamia mtaa huo mwaka 1990. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi moja ya Kiingereza, nikaisema kwa muuzaji: natafuta mahali ambapo mwaka 1989 au hapo kabla wanawake waliimba Jumamosi usiku kanisani na kunywa kahawa.

Muuzaji alikuwa mdogo. Hakujibu yeye. Alijibu mwanamke mmoja mwenye mvi fupi aliyekuwa amechutama kwenye rafu ya chini, magoti yakilia alipoinuka. "Mountain Moving," alisema. "Nilikuwa napanga viti."

Aliniambia nimwite kwa jina lake. Nilijaribu, ulimi ukakataa; mtu wa umri wa mama yangu siwezi. Nikamwita Bibi, nikamweleza maana yake, akafurahi, naye akaniita kijana, na biashara ikaisha hapo.

Bibi alinipeleka mkahawa wa mtaa wa pili, usio na laptopu nyingi, akasimulia kwa saa tatu. Nitaeleza kwa kifupi pale alipoeleza kwa urefu, na kwa urefu pale alipopita haraka, maana yeye aliyaona ya kawaida.

Nyumba hiyo ya kahawa haikuwa nyumba. Ilianza mwaka 1974 na haikuwahi kuwa na jengo lake. Ilikuwa inakodi kumbi za makanisa, leo hili, miaka fulani lile. Jumamosi jioni wanawake wa kujitolea wanafika na funguo, wanatoa viti stoo, wanawasha birika la umeme, lile kubwa la bomba ambalo kwetu lingeitwa la harusi. Biskuti mezani. Mlangoni kopo la hela na kiingilio cha kupanda na kushuka: mwenye nacho aongeze, asiyenacho atoe alichonacho. Chumba cha pembeni kina anayelea watoto. Kando ya mwimbaji anasimama mtu wa lugha ya alama, anaimba kwa mikono. Hakuna pombe. Saa nne na nusu au tano kahawa imekwisha, viti vinarudi stoo, sakafu inafagiliwa, kwa sababu asubuhi wenye kanisa wanakuja kusali na wasikute hata punje ya biskuti. Hivyo kwa miaka 31, mpaka Desemba 2005. Umri wa kaseti yangu sawasawa.

Nikauliza kwa nini bila pombe. Wao si Waislamu. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaeleza, na hapa hakucheka.

Kabla ya hapo, wanawake wanaopenda wanawake, na wanaume wanaopenda wanaume, walikuwa na mahali pamoja tu pa kuonana: baa. Illinois, jimbo lenye Chicago, ndilo la kwanza Marekani kuacha kukihesabu kitanda chao kuwa uhalifu, kwa sheria ya mwaka 1961. Ila polisi hawakusoma sheria hiyo kwa haraka. Mwaka 1964 baa moja nje kidogo ya Chicago ilivamiwa, watu 109 wakakamatwa, magazeti yakachapa majina na kazi za baadhi yao, walimu wakiwemo. Mtu anasoma jina lake gazetini Jumatatu, Jumanne hana kazi. Na baa yenyewe, hata isipovamiwa, inataka unywe. Asiyekunywa hana kiti. Bibi alizika marafiki wawili kwa ini. "Tulitaka mahali pa kukaa tukiwa na akili zetu," alisema. "Kahawa ndiyo ilikuwa inabaki."

Chanzo cha mtindo wenyewe wa nyumba za kahawa ni cha zamani zaidi, New York, MacDougal Street, mwishoni mwa miaka ya 1950, vyumba vya chini ya ardhi ambako vijana walisoma mashairi na kupiga gitaa. Pale Gaslight, kimojawapo cha vyumba hivyo, inasimuliwa kwamba wasikilizaji walikuwa wanapiga vidole badala ya makofi, maana kelele zilipanda kwenye matundu ya hewa na kuwaamsha wapangaji wa juu. Alix Dobkin aliimba huko, akaolewa na mwenye kuiendesha Gaslight, baadaye akaachana na ndoa, na mwaka 1973 akatoa "Lavender Jane Loves Women", albamu ambayo waimbaji, wapigaji na mafundi wake wote walikuwa wanawake, na iliyosema wazi inamwimbia nani. Mwaka huohuo kundi la wanawake Washington likaanzisha kampuni ya rekodi ya Olivia. Mafundi mitambo wanawake hawakuwepo, wakajifunza. Wauzaji hawakuwataka, wakauza wenyewe, kwenye maduka ya vitabu kama lile la Clark Street na mezani kwenye nyumba za kahawa. Mwaka 1975 wakatoa "The Changer and the Changed" ya Cris Williamson. Upande wangu wa pili.

Olivia siku hizi ni kampuni ya utalii wa meli. Nililitaja hilo kwa dada jioni, naye akasema hiyo ndiyo Marekani, ukikaa nayo sana kila kitu kinakuwa meli.

*

Bibi alikuwa na kasha la viatu lenye vipeperushi. Vingine, alisema, wamevipeleka Gerber/Hart, maktaba ya kumbukumbu za watu wa namna yao, iliyofunguliwa mwaka 1981 na leo ipo hukohuko Clark Street, juu zaidi. Vipeperushi vyenyewe vilikuwa vya mashine ya kudurufu, karatasi za rangi ya zambarau na waridi. Nilivipekua kama mtu anayetafuta jina la nduguye. Kimoja kilichorwa gitaa lenye mizizi. Kingine kilikuwa na alama ya duara la kahawa, kikombe kiliwekwa juu yake kabla hakijakauka, labda usiku uleule. Na chini ya kila kimoja, maneno yaleyale: kwa wanawake na watoto.

"Na wanaume?" niliuliza.

"Hapana."

"Hata kusikiliza tu?"

"Hata kusikiliza tu, kijana."

Nilinyamaza kidogo. Nimevuka bahari mbili kuja kuomboleza mlango ambao ungefungwa usoni pangu. Bibi alidhani nimekasirika, akaanza kujieleza, na katika kujieleza akafika kwenye jambo ambalo nadhani hakukusudia kulifikia. Kanuni ile, alisema, haikuwazuia wanaume tu. Ilikuja kuwazuia pia wanawake ambao hawakuzaliwa wakiitwa wanawake, na hapo ndipo viti vilipoanza kupungua na maneno kuongezeka. Yeye alikuwa upande wa kuzuia. Alisimama mlangoni, akamrudisha mtu. "Alikuwa amevaa skafu nzuri," alisema. "Nakumbuka skafu." Akageuza kipeperushi, akakirudisha kashani, tukazungumza habari za hali ya hewa.

Lakini mimi sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimekumbuka ua wa shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mtu wa lelemama. Kabla ya harusi wanawake wanakesha, na uani wanazungushia makuti au mashuka ili mwanaume asione. Ndani kuna ngoma, vugo, majibizano, nyimbo za mafumbo zenye kumchoma huyu na kumsifu yule, na vicheko ambavyo mchana hawa mama hawavitoi kabisa. Sisi wavulana tuliokwishapevuka tulikuwa tunakaa nje ya makuti, gizani, tukisikiliza. Nyimbo zote ninazozipenda nimezisikia hivyo, kutoka upande usio wangu. Hata Shakila, tuliyekuwa tunamsikia redioni akiimba na Black Star kila mtu na sikio lake, kwangu hajawahi kuwa mtamu kama wale mama wasio na jina waliokuwa nyuma ya shuka lenye maua.

Na wao kwa wao waliitana shoga. Shoga yangu, shogaangu. Neno hilo sasa barabarani linatumika kumtupia mtu mawe, na vijana hawajui kwamba bibi zao walilivaa kama kanga. Neno jingine, lile la wanawake wanaopenda wanawake, hata silitaki humu; lina harufu ya tusi. Nilitafuta la kumwambia Bibi alipouliza kwa Kiswahili wanaitwaje, nikabaki nalo mdomoni. Mwishowe nikamwambia shoga ni rafiki wa mwanamke, mwandani, anayejua siri zake. Akaniomba nimwandikie. Nikaandika nyuma ya risiti.

Niliporudi kwa dada nilieleza habari za lelemama na nyumba ya kahawa, nikidhani nimegundua kitu. Dada hakushangaa. Hospitali anayofanyia kazi haiko mbali na Hull-House, jumba ambalo Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua mwaka 1889 kuwasaidia wahamiaji, na Jumapili alinipeleka. Kumbe hata wao mwaka 1893 walifungua nyumba ya kahawa, ishindane na vilabu vya pombe vya mtaani. Addams mwenyewe ameandika kwamba jirani mmoja aliikagua, akaisifu kuwa mahali pazuri pa kushinda kutwa, laiti kungekuwa na bia. Juu, chumbani kwa Addams, palikuwa na picha ya Mary Rozet Smith, aliyekuwa mwandani wake kwa miongo mingi. Mwongozaji alipotafuta neno la kueleza walikuwa nani kwa kila mmoja, nami nikalitafuta kwa Kiswahili, na nililipata kabla yake.

Ila kilichonishika siku ile hakikuwa jumbani. Kilikuwa begini kwa dada: "Wanawake Watatu wa Kiswahili", kitabu cha masimulizi ya kina mama wa Mombasa, waliyoyatoa wenyewe kwa vinywa vyao, kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Ndani yake mna ngoma, harusi, watumwa na waungwana, vyama vya lelemama vilivyoshindana mpaka mtu akafilisika. Strobel alikuwa profesa Chicago, kwenye chuo kikuu kilekile kinachomiliki jumba la Hull-House, na yeye huyohuyo ndiye aliyehangaika kuhifadhi habari za chama cha ukombozi wa wanawake cha Chicago cha miaka ya 1970, chama kilichokuwa hata na bendi yake ya roki. Mtu mmoja, madaftari mawili. Kitabu nilikisoma kwenye treni ya kurudi nikapitiliza kituo.

Basi hapo ndipo nilipoelewa kilichonikera kwenye picha yangu ya dele. Kwetu tuliigawa: kahawa ikawekwa nje kwa wanaume, muziki wa moyoni ukafungiwa ndani kwa wanawake, na ukuta katikati. Wale wanawake wa Chicago walivichukua vyote viwili wakaviweka chumba kimoja, wakafunga mlango. Sijui kama ilikuwa haki. Najua kwa nini ilipendeza.

*

Siku moja kabla ya kuondoka, Bibi alinipitia jioni. Tulikwenda kwa miguu, taratibu kwa ajili ya magoti yake, mpaka kwenye kanisa moja la matofali kati ya yale waliyowahi kukodi. Mlango wa pembeni ulikuwa wa chuma, umepakwa kijani. Aliugusa.

"Hapa nilikuwa nakaa na kopo," alisema. "Na hapa," akapima hatua mbili, akanishika mabega, akanisimamisha, "hapa ndipo ningekuzuia."

Ndani palikuwa na watu wanafanya mazoezi ya kuimba. Kwaya, au darasa, hatukujua. Wimbo wenyewe hatukuufahamu, unaanza, unakatwa, unaanza tena. Bibi alijaribu kitasa. Kimefungwa. Akatazama dirishani, kioo cha barafu, unaona taa tu. Akarudi akasimama kando yangu pale aliponipanga, mikono mfukoni, tukasikiliza mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Alikuwa ameleta kahawa kwenye chupa. Akamimina kwenye kifuniko, kidogo, maana kifuniko chenyewe ni kidogo, akanipa mimi kwanza kama mgeni. Nikanywa kwa mafunda matatu nikamrudishia.

Usiku huo nilimpigia shangazi. Ana miaka 84, masikio bado yako vizuri. Nilimweleza yote, na kwenye lile la nani alimpenda nani nilipita kwa miguu ya paka, nikasema walikuwa wanawake walioishi wao kwa wao. Akasema, "Mwanangu, nimekusikia, usinizunguke," akataka niendelee.

"Kwa hiyo walikuwa na chama?"

"Walikuwa nacho, shangazi."

"Na mchango mlangoni?"

"Na mchango."

"Sare walivaa?"

Sikuwa najua. Nikamwandikia Bibi ujumbe. Jibu lilikuja saa ileile, na nukta nyingi za kicheko: mashati ya drafti, wote, mwaka mzima, na buti.

Nikamsomea shangazi. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika.

"Drafti gani?" aliuliza. "Kubwa au ndogo?"